Utumwa wa Deni na Wajibu Wetu Tuliosoma

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Nachingwea. Yamechapwa hapa kwa ombi la wanachama.)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya maisha ya bwenini katika miaka ya sabini. Mada hiyo ni tamu, na najua wako wengi humu wanaosubiri nieleze nani aliyeiba maharage ya stoo usiku ule. Nawaomba radhi. Nimemwomba Katibu anibadilishie mada, kwa sababu nina jambo ambalo limenikaa kifuani kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba kama siwezi kulisema mbele ya watu walionijua nikiwa na kaptula, basi sitalisema mahali pengine popote.

Nataka kuzungumza juu ya watu wa wilaya zetu hizi mbili, Nachingwea na Ruangwa, wanaopelekwa mbali kufanya kazi wakiwa wamefungwa kwa deni. Na nataka kusema mimi nilishiriki vipi.

Ndugu zangu, nianze na babu yangu. Babu mzaa mama alivuka Mto Ruvuma akitokea Msumbiji, akiwa kijana, akikimbia kazi ya shuruti ya Wareno. Wengi wenu mna wazee wa namna hiyo. Alikwenda kwenye shamba la mkonge karibu na Lindi, akawa manamba. Vijana wa leo wanalitumia neno hilo kama tusi tu, lakini asili yake ni namba: mtu aliandikishwa, akapewa namba, na jina lake likabaki nyumbani. Katika mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, iliyoitwa SILABU, na malori yakawa yanazunguka nchi nzima kutafuta watu. Lakini hawa wa kwetu wa kusini wengi walikuja kwa miguu yao wenyewe.

Babu alikuwa na kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba thelathini, kila siku ya kazi chumba kimoja. Mshahara ulilipwa vyumba vikijaa. Ukiumwa, chumba hakijazwi. Usipomaliza ngwe yako, chumba hakijazwi. Wakati huo huo unakula, na chumvi na sigara na shuka unachukua kwa mkopo dukani. Babu alizoea kutuambia hivi: "Wajukuu zangu, kipande kilikuwa kinajaa polepole, lakini daftari la dukani lilikuwa linajaa upesi." Sheria ya wakati ule ilimfanya kibarua anayeacha kazi kabla ya kumaliza mkataba kuwa mhalifu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa huru kuvuka mto hakuwa huru kuondoka shambani.

Naomba mshike neno hilo, kwa maana ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Minyororo ya chuma watu wa huku waliifahamu. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa ilikatiza nchi hii kuelekea Kilwa Kivinje, bandari kubwa ya biashara hiyo katika mrima wetu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja, mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya bara, na mwaka 1922 sheria ya Tanganyika ikafuta utumwa kabisa. Hayo tulifundishwa darasani. Ambalo hatukufundishwa sana ni rehani. Katika nchi zetu za kusini, kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukoo unahesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Zamani, njaa ilipobana au ukoo ulipodaiwa, mjomba aliweza kumweka mpwa wake rehani kwa mtu mwenye chakula, akakae huko afanye kazi mpaka deni lilipwe. Mara nyingine deni lililipwa. Mara nyingine mdai alimwuza yule mtoto kwa msafara, na habari yake ikaishia hapo.

Mnamo mwaka 1956 Umoja wa Mataifa ulitunga mkataba wa nyongeza wa kukomesha utumwa na desturi zinazofanana nao, na ukaeleza utumwa wa deni ni nini. Nimeusoma mara nyingi. Kwa maneno yangu mwenyewe, unasema hivi: ni pale mdaiwa anapotoa rehani kazi yake mwenyewe, au kazi ya mtu aliye chini ya mamlaka yake, na thamani ya kazi ile haihesabiwi katika kupunguza deni, au muda na aina ya kazi haviwekewi mpaka. Niliposoma maneno "mtu aliye chini ya mamlaka yake" nilidhani waliouandika walipata kukaa barazani na wazee wa Ruangwa.

Sasa niwaeleze yaliyotokea kijijini kwetu mwaka 2016. Binti mwenyewe ameniruhusu niyaseme, ila jina lake nimemwahidi halitatamkwa.

Mnafahamu majira yetu. Korosho zinauzwa kuanzia Oktoba. Fedha hukaa mpaka Krismasi kwa aliyebahatika. Ikifika Februari, mahindi yamekwisha, mapya bado mabichi, na ndipo anapopita mtu wa kangomba. Kwa ajili ya wenzetu mnaoishi mbali, nieleze: kangomba ni kuuza korosho zikiwa bado ua mtini. Mnunuzi anakupa fedha kidogo leo, wewe unaahidi kumpa mzigo wakati wa mavuno, na anapimia kwa chombo chake badala ya mizani. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara mwaka 2007, na minada ya ushirika wetu wa RUNALI, ambayo ni Ruangwa, Nachingwea na Liwale, vimesaidia sana bei. Mwaka 2018 Serikali iliwasaka watu wa kangomba kwa nguvu. Lakini mnada uko Oktoba na njaa iko Februari, na kati ya miezi hiyo miwili ndipo mkopeshaji anapopita.

Mwezi huo wa Februari mjomba wa binti yule alikwisha kuchukua fedha ya kangomba mara mbili. Mikorosho yake yote ilikuwa na mwenyewe mwingine. Ndipo akaja mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mtu wa adabu, amevaa vizuri, anazungumza kwa upole. Alisema anatafuta mabinti wa kazi za ndani Uarabuni. Hakudai hata senti moja. Nauli yeye, pasipoti yeye, viza yeye. Tena akampa mjomba shilingi laki tatu, akaziita "za kuagia." Mjomba alikwenda siku hiyo hiyo akalipa deni la kangomba. Ndugu zangu, hebu tazameni: deni halikufutwa. Lilitoka kwenye mikorosho likahamia kwa mtoto.

Binti alikuwa na miaka 17. Mtendaji wa kijiji alikataa kuandika barua mpaka mwalimu mkuu athibitishe umri. Mwalimu mkuu nilikuwa mimi. Kitabu cha kuandikisha wanafunzi kilikuwa kabatini kwangu, na ndani yake imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: 1999. Mjomba alikuja jioni, akakaa kwenye mkeka, hakula. Akasema, "Mwalimu, fedha nimekwisha kuila. Nifanyeje?" Nikafikiri juu ya njaa ile. Nikafikiri kwamba wako wanawake waliokwenda Oman wakajenga nyumba za bati, na ni kweli wapo. Nikachukua kalamu nikaandika: 1994. Nikapiga muhuri. Hakuna aliyenipa hata shilingi. Nilidhani natenda wema.

Binti alipelekwa Muscat. Pasipoti ilichukuliwa mlangoni siku ya kwanza. Mshahara wa miezi mitatu ulikatwa, akaambiwa ni gharama za kumleta. Aliamka kabla ya alfajiri, akalala baada ya saa sita usiku, akahudumia nyumba mbili kwa mshahara wa moja. Alipoomba kurudi, akaambiwa alipe kwanza gharama zote: shilingi milioni tatu na nusu. Wakala wa Dar es Salaam alimpigia mjomba simu akamwambia maneno hayo hayo, akaongeza kwamba asipolipa atashtakiwa kwa laki tatu alizozipokea. Baadaye simu ya wakala ikawa haipatikani.

Wengi mtauliza: kwa nini hakutoka tu akaondoka? Katika nchi za Ghuba uko utaratibu unaoitwa kafala. Kibali cha mfanyakazi wa ndani cha kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri wake. Akitoka bila ruhusa, huhesabiwa mtoro, na anaweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa ndefu juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania katika Oman na Falme za Kiarabu. Walihoji wanawake 50. Nilipoisoma niliona habari ya binti yetu imerudiwa na watu ambao hawajapata kumwona: pasipoti kuchukuliwa, mshahara kuzuiwa, saa za kazi zisizo na mwisho, kudaiwa gharama za kuajiriwa. Nami nikakumbuka kipande cha babu. Mtu aliyekuwa huru kuvuka bahari hakuwa huru kutoka nyumbani kwa mwajiri.

Alirudi baada ya miezi kumi na minne. Aliyemwokoa ni bibi mmoja jirani, mzaliwa wa Unguja, ambaye alimsikia akiimba kwa Kiswahili akianika nguo, akamjibu kutoka ukutani. Bibi huyo ndiye aliyemfikisha ubalozini kwetu.

Aliporudi kijijini alikuja kunisalimu. Nilimkaribisha kiti. Akasema, "Shikamoo Mwalimu." Nikaitikia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwalimu, kwa nini uliandika tisini na nne?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza darasani asipoelewa hesabu. Nilikuwa na majibu mengi, juu ya njaa, juu ya mjomba, juu ya nyumba za bati. Sikutoa hata moja. Nilimwambia, "Nilikosa, mwanangu." Kesho yake nilikwenda polisi nikaandika maelezo yangu yote na kuacha nakala ya ukurasa wa kitabu cha shule. Siku nitakayoitwa, nitakwenda.

Ndugu Mwenyekiti, sasa niseme juu ya sheria, maana tumo humu watu wa ofisi.

Mwezi Novemba 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha Itifaki ya Palermo ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Itifaki hiyo inatazama mambo matatu: tendo, kama kumwajiri mtu, kumsafirisha au kumpokea, njia, kama hila, vitisho au kutumia unyonge wake, na kusudi, yaani kumnyonya. Hila ikiwepo, kusema kwamba mwenyewe alikubali si kinga. Na kama ni mtoto chini ya miaka 18, haihitajiki hata kuthibitisha hila. Kwa hiyo ile tarakimu niliyoibadilisha ndiyo iliyomvua binti yule kinga yake kubwa kuliko zote.

Nchi yetu ilitunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Na. 6 ya 2008, na utumwa wa deni umetajwa ndani yake. Jirani zetu Msumbiji walitunga sheria yao mwaka huo huo, na kwa bahati nayo ni Na. 6 ya 2008. Mwaka 2009 nchi za SADC zilikubaliana mpango wa miaka kumi wa kupambana na biashara hii, na wakuu wa polisi wa kusini mwa Afrika wana umoja wao tangu 1995. Mwaka 2010 Daraja la Umoja lilifunguliwa pale Mtambaswala, na leo mtu anavuka Ruvuma kwa gari mahali ambapo babu yangu alivuka kwa mtumbwi.

Basi sheria ziko kila upande wa mto, na daraja lipo. Lakini njia ya kupeleka watu kusini nayo inapita katika nchi yetu. Mwezi Juni 2012 Wahabeshi zaidi ya 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa katika lori, mkoani Dodoma. Mwezi Machi 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Safari hizo hulipiwa kwa mikopo na kwa mashamba ya wazazi, na mara nyingi mtu huzuiliwa njiani mpaka ndugu zake watume fedha zaidi. Tena tangu Oktoba 2017, vita vilipozuka Cabo Delgado, watu wamekuwa wakikimbia kwenda huku na huku wakiwa hawana kitu. Mtu asiye na kitu ndiye anayetafutwa na wakala.

Ndugu zangu, sisi wa Nachingwea hatuna haki ya kumwona mtu aliyevuka Ruvuma kuwa mgeni. Tulisoma hapa wakati wapigania uhuru wa FRELIMO wakiwa na kambi yao katika ardhi hii, na ni kutoka hapa ndipo Samora Machel alipoanza safari ya kurudi kwao mwaka 1975. Kabla ya hapo Waingereza walileta hapa mpango wao wa karanga kuanzia 1947, wakaung'ang'ania kwa matrekta na reli, ukafa mwaka 1951. Na vibarua walikuja kutoka kila upande. Mji huu umejengwa na watu wa kupita.

Kwa hiyo sisemi watu wasisafiri. Wako wazee wanaotaka mabinti wapigwe marufuku kuondoka. Mimi napinga. Ukifunga mlango, wakala atafungua dirisha, na wanaopita dirishani hawana mkataba wala hawajulikani walipo. Tunachotakiwa ni kutenganisha safari na deni. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 181 wa mwaka 1997 unasema wakala asimtoze mfanyakazi gharama, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. "Za kuagia" ni kuzunguka.

Naleta mapendekezo matatu, na naomba mkutano uyapigie kura leo, tusiyaache yakaliwe na mchwa kabatini.

La kwanza. Wengi wetu humu ni walimu, watendaji, mapadri, masheikh, mawakili, wauguzi. Muhuri uko mikononi mwetu. Tukubaliane kwamba hakuna mwanachama atakayetia sahihi karatasi ya safari ya kazi bila kuuliza maswali matano: Umri wake katika kitabu cha shule ni upi? Wakala ana leseni ya Serikali? Mkataba uko wapi, ameusoma mwenyewe kwa Kiswahili, na ubalozi wetu umeuthibitisha? Nani amepokea fedha kwa ajili yake? Na ya tano: akitaka kurudi, nauli ya kurudi ni ya nani? Jibu moja likikosekana, kalamu irudi mfukoni. Na kama ni mtoto, namba 116 ya kusaidia watoto ipigwe siku hiyo hiyo.

La pili. Tuanzishe mfuko wa Februari. Kila mwaka tunachanga fedha ya ng'ombe wa sherehe hii, na nashukuru kwa nyama. Napendekeza kila mwanachama aongeze kiasi kile kile kiwekwe kwa ajili ya kaya zenye watoto wanaosoma, wakopeshwe mahindi miezi ya njaa, wayarudishe baada ya mnada, gunia kwa gunia, bila riba. Hatutamaliza kangomba. Lakini kijiji kimoja Ruangwa na kimoja Nachingwea tunaweza kuanza navyo.

La tatu. Tunao wenzetu Dar es Salaam, Mtwara, Pemba ya Msumbiji, Muscat, Johannesburg. Katibu awe na orodha ya wanachama walio tayari kupokea simu ya mtu wa huku aliyekwama, na kumfikisha kwa polisi au ubalozini. Bibi yule wa Muscat hakuwa na chama wala katiba. Alikuwa na sikio tu.

Namaliza. Mjomba wa binti bado yu hai. Laki tatu zile anazikumbuka mpaka leo, na akilewa hulia. Simhukumu, kwani mimi nilikuwa na kitabu na yeye hakuwa nacho. Binti ana cherehani hapa Nachingwea, na sare za wajukuu wa baadhi yenu ameshona yeye bila ninyi kujua. Mwaka jana alinitumia ujumbe kwamba amepata wanafunzi wawili wa kujifunza kushona, akaniomba niwaandikie mkataba wa kujifunza, wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho. Mstari wa tarehe ya mwisho aliusoma mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Ndugu Mwenyekiti, yangu ndiyo hayo. Naomba mapendekezo yajadiliwe.



(Baada ya majadiliano marefu mapendekezo yote matatu yalipitishwa. Magunia kumi na manne ya mahindi yaliahidiwa papo hapo. Wanachama wanaotaka kuongeza wawasiliane na Katibu kabla ya mwisho wa Januari.)